Mizani ya Kumi na Saba

Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa chai vikombe viwili na kuitafuta miwani yake kila mahali isipokuwa juu ya paji la uso wake, mwalimu mstaafu aliingia katika banda la gari lililoshikana na nyumba yake kwa nyuma, akavaa koti la kazi lisilo na kifungo hata kimoja, akasema bismillahi, akaanza kukaza boliti za kichwa cha injini. Boliti zilikuwa kumi. Spana ilikuwa moja. Na gari lenyewe, la rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, lilikuwa juu ya matofali kwa mwaka wa saba.

Lilipandishwa juu ya matofali kwa siku mbili tu, ili libadilishwe gasketi. Hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe, wala hakukusudia uongo. Katika miaka hiyo saba alikuwa ameifungua injini mara tano na kuifunga mara nne, na yeyote ajuaye kutoa na kujumlisha angeliona hapo hapo lilipokuwa tatizo. Magurudumu nayo hayakukaa bure. La kwanza liliwekwa juu ya mfuniko wa tangi la maji ili upepo usiubebe. La pili lilijazwa udongo, likaoteshwa mnanaa. La tatu aliliazima fundi cherehani wa nyumba ya jirani, akaliwekea mto, na wateja wake wakawa wanalikalia wakingoja kupimwa. La nne hakuna aliyejua liliko, na mwalimu alikwisha kuliombea dua.

Hakujidanganya kuhusu ustadi wake. Kwa miaka thelathini na mitano alifundisha sarufi na ushairi, na jioni alisomesha msikitini. Mikono yake ilizoea chaki na kurasa. Majirani walipomuuliza kazi imefikia wapi, alijibu kwamba yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa saba aliye bado darasa la kwanza, na kwamba gari limekwisha kumzidi elimu. Watu walicheka, wakaenda zao. Zamani sana aligundua kuwa mtu akiwahi kujicheka mwenyewe, wengine huona haya kumlaumu, na tangu hapo alijicheka kwa bidii, kila siku, kama anywaye dawa.

Jambo moja tu alilifanya kwa njia yake mwenyewe na hakulicheka. Mafundi wa kweli hukaza boliti za kichwa cha injini kwa spana yenye mshale, inayoonyesha nguvu ya mkono, ili zote zikazwe sawasawa. Spana hiyo mwalimu hakuwa nayo. Alikuwa na mizani. Kila boliti aliikaza kwa mshororo mmoja wa shairi alilolitunga kwa kazi hiyo, mizani nane upande huu na nane upande ule, mkono ukivuta polepole tangu silabi ya kwanza hadi ya kumi na sita, kisha ukiacha:

Kaza taratibu kaza, nati isije kuruka,
Nami jambo nimewaza, kesho safari kufika.

Boliti za witiri, yaani ya kwanza, ya tatu na zilizofuata hivyo, alizipa mshororo wa kwanza; za shufwa akazipa wa pili. Mshororo wenye mizani kumi na sita hauwezi kukaza zaidi ya mwenziwe wenye mizani kumi na sita. Hiyo ni hoja ambayo hakuna makanika aliyewahi kuijibu, kwa kuwa hakuna makanika aliyewahi kuulizwa.

Alikuwa kwenye boliti ya saba mkewe alipofungua kidirisha. Banda na jiko vilitumia ukuta mmoja, na katika ukuta huo palikuwa na kidirisha cha kupitishia chai. Hapo ndipo ilipopita chai ya saa nne, na ya saa kumi, kwa miaka saba, ikielekea upande mmoja tu.

"Mwalimu, Dada kapiga simu."

"Kaza taratibu kaza," alisema mwalimu.

"Wanawe wanamchukua Alhamisi. Wanaenda kuishi naye huko kwao, mbali, na nyumba inafungwa. Macho hayamruhusu tena kukaa peke yake. Vyombo vinafungwa kesho. Anasema niende leo, vikombe vikiwa bado kabatini."

"Nati isije kuruka."

"Mwalimu, unanisikia?"

"Eh," alisema mwalimu.

Mkono wake ulivuta pamoja na neno. Boliti ya saba ikapata mizani kumi na saba. Aliihisi silabi ile ikizidi, kama mguu unavyohisi ngazi ambayo haukuitarajia, lakini mkewe alikuwa bado amesimama kidirishani, naye hakuwa na uso wa kumwambia angoje.

"Nataka nikakae kwake siku moja," mkewe alisema. "Nikae tu. Yeye achemshe, mimi niletewe. Tangu gari hili lipande matofali sijanywa chai ya kuletewa."

"Utakwenda."

"Basi niite teksi. Ndugu yake fundi cherehani anayo."

"Teksi!" Mwalimu aliweka spana chini. "Mke wangu apande teksi, na gari liko hapa?"

Mkewe alilitazama gari. Alilitazama bila haraka, tangu boneti hadi pale ambapo magurudumu yangekuwa.

"Liko hapo kweli," alisema. "Halijaenda popote."

"Bibie, mimi nina subira ya Nabii Ayubu. Ila anayesubiri ni wewe."

Mkewe akacheka, maana ilichekesha. Mwalimu akaona mlango umefunguka kidogo, akapita.

"Jumatano, inshallah, kabla ya adhuhuri, utakuwa mlangoni kwa Dada. Kesho nafanya marekebisho ya mwisho."

"Jumatano vikombe vitakuwa vimefungwa."

"Chai haihitaji vikombe vingi," alisema mwalimu, akahamia boliti ya nane.

Alasiri ya siku hiyo alimimina petroli kutoka kwenye dumu, akaazima betri ya fundi cherehani, akaketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikawaka. Haikukohoa wala haikugoma. Iliwaka kwa sauti ya chini, iliyo sawa, kama msomaji aliyehitimu. Mwalimu alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachia mguu taratibu. Gari halikusogea, jambo ambalo halikumshangaza, kwa kuwa halikuwa na magurudumu. Nyumba ikaenda mbele hatua mbili.

"Mwalimu," mkewe alisema kidirishani, "sufuria limeteleza. Ukianza tena niambie nilishike."

Alizima injini, akatoka kutazama. Baraza lilikuwa limeisogelea barabara kwa hatua mbili, na nyuma ya banda palibaki mstatili wa udongo mbichi ambao haukupata kuona jua tangu nyumba ijengwe. Fundi cherehani alikuwa amesimama upande wake wa uzio, mikono kiunoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mwalimu, kamba yangu ya nguo nimeifunga kwenye ukuta wako," alisema. "Siku ukiondoka, gonga kwanza niifungue. Ona, suruali ya mtu ishakuwa ndefu."

"Uniwie radhi, fundi. Mizani ilizidi."

Akamweleza. Mshororo uliozidi mizani hauwezi kuubeba uzito wake wote mahali pake. Ziada hutafuta pa kwenda. Na hapa, kwa vile magurudumu hayakuwepo kuipokea, ilipokewa na nyumba. Fundi cherehani alisikiliza kwa makini. Alisema hata katika ushonaji ni vivyo hivyo: ukikivuta kitambaa kwapani, unaopanda ni mgongo.

"Sasa si uilegeze hiyo ya saba?"

"Nikiilegeza, litakwenda gari. Na gari halina magurudumu."

"Kweli," alisema fundi cherehani. Alilifikiria jambo hilo kidogo, kisha akasema, "Lakini ndugu yangu yupo na teksi yake, mwalimu. Kesho asubuhi anampeleka mama, jioni anamrudisha. Nusu saa tu mpaka kule."

"Nimeshaahidi, fundi."

Fundi cherehani aliinamisha kichwa kwa heshima, kama afanyavyo fundi pale mteja anapong'ang'ania kifungo kisichoendana na shati, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumanne alipita karani wa mtaa na mkanda wake wa kupimia. Alikuta uwanja wa mbele umepungua hatua mbili na wa nyuma umeongezeka hatua mbili. Jumla ya kiwanja ilikuwa ile ile, kwa hiyo hapakuwa na fomu ya kujaza. Alikunywa chai, akaaga. Siku hiyo mwalimu alifanya marekebisho ya mwisho, yaani alikisafisha kioo cha mbele cha gari, ambacho kilitazama ukuta.

Jumatano, jua lilipopanda kiasi cha kukausha umande, safari ikaanza. Bomba la maji lilirefuka nyuma yao kadiri ilivyohitajika, kama lifanyavyo bomba lililoungwa vizuri, na waya wa umeme ukalegea, ukafuata. Fundi cherehani aliifungua kamba yake, akawapungia mkono.

Tatizo lilikuwa moja. Kwa kuwa gari lilielekea ukuta wa jiko, dereva hakuiona barabara hata kidogo. Alichokiona, kupitia kioo kilichosafishwa vizuri na kidirisha kilichoachwa wazi, ni kisogo cha mkewe, aliyesimama kwenye dirisha la mbele la jiko na kumwelekeza.

"Kushoto. Kushoto, Mwalimu, hilo ni duka la watu!"

"Nimekata."

"Umekata kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Mimi na wewe si tunatazama upande mmoja?"

Mwalimu alikiri kwamba hilo hakuwa amelizingatia, akakata kushoto.

Nyumba ilikwenda mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni. Wachuuzi walizivuta meza zao pembeni kama wanavyozivuta likipita lori la taka, kisha wakazirudisha. Muuza magazeti aliinua kiti chake bila kuinua macho. Kwenye mzunguko, askari wa barabarani alinyoosha mkono, nyumba ikasimama, naye akazunguka taratibu hadi bandani.

"Mzee, unaendesha nini?"

"Naendesha gari, afande. Inayokwenda ni nyumba."

"Leseni yako ni ya gari?"

"Ni ya gari."

"Hapo huna kosa. Lakini nyuma huna taa nyekundu."

Mke wa mwalimu akaitoa ndoo nyekundu ya kufulia, ikatundikwa kwenye msumari nyuma ya banda, askari akaridhika. Alikuwa na kiu. Akapewa chai.

Hilo nalo halikuwa limewazwa na mtu. Watu waliliona baraza lenye kivuli likija upande wao, wakapanda. Mwanamke mwenye vikapu viwili vya mboga alipanda sokoni, akashuka hospitalini. Fundi bomba alipanda na mkoba wake ili kuliangalia lile bomba lililorefuka, akalisifu, akashuka. Wazee wawili waliokuwa wakibishana habari za mpira walikaa barazani, wakaendelea kubishana, na hawakusema wanashukia wapi. Kila aliyepanda alibisha hodi, kwa kuwa ilikuwa nyumba. Na mtu akibisha hodi huambiwa karibu. Na akikaribishwa hupewa kitu. Kufikia mzunguko wa pili mke wa mwalimu alikuwa amekwisha kuchemsha birika tatu, uso dirishani, mkono jikoni.

"Naweza kushuka nikaenda kwa miguu," alisema. "Nitafika kabla yenu."

"Na nani ataniambia kushoto?"

Mkewe alilipima jambo hilo, akaliona ni kweli, akaurudisha uso wake dirishani.

Hapo nyumba ilikuwa ikipanda kilima kidogo, na injini ikiguna. Mwalimu alikitazama kisogo kile kwa muda mrefu kuliko alivyopata kukitazama. Nywele zilizochungulia chini ya mtandio zilikuwa nyeupe. Mwanzo alidhani ni unga. Akajiambia kwamba yeye ni mtu aliyeweza, akiwa ameketi safu ya nyuma na kusinzia, kuisikia silabi moja iliyozidi katika shairi la mtu mwingine. Na miaka saba ilikuwa imepita jikoni mwake asiisikie. Aliona hilo ni jambo zuri la kujichekea. Akaliweka akilini ili amwambie mkewe jioni.

Walifika saa tano na robo, kabla ya adhuhuri kama alivyoahidi, na mwalimu hakuacha kulitaja hilo. Nyumba ya Dada ilikuwa ndogo, yenye mlango wa kijani, mwisho wa njia nyembamba.

"Taratibu," mkewe alisema. "Bado kidogo. Bado. Basi. Basi, Mwalimu. Basi!"

Baraza liligusa kizingiti cha mlango wa kijani kwa upole, na wale wazee wa mpira wakainua miguu yao. Mlango ukawa kwa mlango. Dada alipoufungua wake, alinyoosha mkono mbele kama wafanyavyo wenye macho hafifu, akagusa mbao asiyoitarajia, akaipapasa, akaitambua.

"Hodi," alisema.

Mke wa mwalimu alikuja mbio, mikono ikichuruzika maji. Alikuwa amevaa nguo aliyoshonewa na fundi cherehani mwaka wa kwanza wa matofali, kwa ajili ya safari hii. Ilikuwa ikikaa kabatini, na sasa ilimpwaya mabegani.

"Dada, mbona unabisha hodi wewe? Mimi ndiye niliyekuja."

"Sasa nifanyeje? Nimefungua mlango wangu nimekuta wako. Naona umekuja. Umekuja na ukuta."

Wakacheka, wakakumbatiana kizingitini, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

"Ingia basi," Dada alisema. "Lakini utakaa wapi, mdogo wangu? Viti vimekwenda jana. Mikeka imekunjwa. Kikombe chako, kile cha mstari wa buluu, nilikiacha nje mpaka jana magharibi, nikisema labda. Sasa kimo ndani ya sanduku la nne, chini ya masufuria."

Mke wa mwalimu aliingia. Alisimama katikati ya chumba ambacho juzi kilikuwa na kila kitu. Ukutani ulibaki msumari. Sakafuni ilibaki alama ya mkeka, mstatili uliong'aa kuliko sakafu nyingine, na upande mmoja wa mstatili ule alama ndogo ya duara, mahali ambapo birika liliwekwa miaka yote. Alisimama pale kwa muda wa maji kuchemka. Aliujua muda huo kwa sababu birika lake lilianza kupiga mluzi upande wa pili, naye akageuka, akalifuata.

Dada akaja nyuma yake, akaketi kwenye kiti cha sebuleni, akaletewa chai.

Mwalimu alitokea akijifuta grisi, akatoa salamu, akaketi pembeni. Dada aligeuza uso kuielekea sauti ya mwalimu.

"Shemeji! Miaka saba unaniambia utakuja na gari lako. Nikawa nasema, huyu mtu mwongo. Kumbe alikuwa anafunga nyumba nzima."

"Mimi ni fundi wa polepole, shemeji. Hata Nabii Nuhu watu walimcheka alipokuwa akitengeneza chombo chake."

"Nuhu aliwahi," alisema Dada, akanywa chai.

Mwalimu alicheka kuliko wote.

Adhuhuri ilipoingia ilimbidi aulize kibla mara mbili, kwa kuwa sebule ilikuwa imegeuka. Msala ambao kwa miaka ishirini ulielekea kabati la vitabu ulielekea sasa mlango wa kijani, akasali mbele yake kukiwa na chumba kitupu. Ndugu wawili walizungumza hadi alasiri. Walizungumza habari za mama yao, za jino la Dada lililong'oka siku ya harusi, za majirani waliokufa na wale waliokataa kufa. Katika mazungumzo hayo mke wa mwalimu aliinuka mara sita: kwa ajili ya sukari, maji ya kunywa, mto wa mgongo wa Dada, mtu aliyebisha hodi akidhani ni ofisi, birika, na wale wazee wa mpira, ambao hawakuwa wameshuka.

"Kaa basi," Dada alimwambia mara ya nne. "Nimekuja kukuona wewe, sikuja kula."

Alipokwisha kulisema hilo akatega sikio, kama aliyesikia kitu, kisha akaendelea na habari ya jino.

Saa kumi wanawe Dada walikuja na lori kuchukua masanduku. Walikuwa watu wenye adabu. Wakasema, kwa kutanguliza samahani, kwamba nyumba imeziba mlango. Mwalimu akaenda kuwasha gari. Kizingitini ndugu wawili walishikana mikono, na hakuna aliyejua ni nani aanze kuachia.

"Nimefurahi kuja kwako," Dada alisema. "Ahsante kwa chai."

"Karibu tena, Dada," alisema mke wa mwalimu. Alijisikia akilitamka neno hilo, na hakuwa na jingine.

Nyumba ilirudi kinyumenyume. Hapo hapakuwa na haja ya mtu dirishani, kwa kuwa dereva aliweza kugeuza shingo na kuiona barabara yote kupitia mlango wa banda. Akatambua kwamba hata asubuhi, laiti angaliwaza kidogo, wangeweza kwenda hivyo hivyo kinyumenyume, na mkewe akaketi. Mkewe aliitumia njia nzima kuosha vikombe. Vilikuwa kumi na vinne. Wazee wa mpira walishuka pale pale walipopandia, hawajaafikiana. Nyumba iliingia kwenye kiwanja chake ikapungukiwa na shubiri moja, bomba likajikunja, na fundi cherehani akaifunga kamba yake.

"Alifurahi mama?" aliuliza akiwa juu ya uzio.

"Tulifika kabla ya adhuhuri," alisema mwalimu.

Jua lilikuwa bado dirishani alipoingia jikoni. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevua viatu, nguo ile ya safari ingali mwilini. Kitu fulani kilimsukuma mwalimu. Yeye mwenyewe alidhani ni huruma, na huenda ilikuwa huruma.

"Kaa hapo hapo," alisema. "Leo nachemsha mimi. Leo wewe mgeni."

Mkewe alimtazama. Kisha akakaa vizuri, akainyoosha nguo yake mapajani kama wafanyavyo wageni, akaweka mikono pamoja, akangoja.

Mwalimu alilijaza birika hadi shingoni, akalipandisha jikoni. Akafungua kabati la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza tena.

"Majani ya chai yako wapi?"

"Kwenye kopo la kijani."

"Na kopo la kijani liko wapi?"

"Nyuma ya la njano."

Akaliona la njano. Akaliinua, akaliweka, akageuka.

"Na kiberiti?"

Mkewe akainuka. Alikichukua kiberiti mahali kilipokuwa siku zote, akamwaga nusu ya maji, akawasha. Mwalimu akaketi kwenye kigoda, ambacho kilikuwa bado na joto, akamhadithia lile alilolihifadhi tangu kilimani, la mshairi anayeisikia silabi iliyozidi na asiyeyasikia yaliyo jikoni kwake. Alilipanga kwa ufasaha, kila kitu mahali pake, na mwisho akajiita shairi lenye vina vyote na lisilo na maana. Mkewe alicheka, maana lilichekesha.

Nje, mnanaa ulikuwa ukitoa harufu kutoka ndani ya gurudumu. Mwalimu alianza kuwaza kwamba boliti ya saba, ikilegezwa kwa mizani moja na si zaidi, na magurudumu yakikusanywa, na lile la nne likipatikana, gari lingeweza kufika hata huko mbali anakopelekwa Dada. Ingekuwa kazi ya siku mbili.

"Vijiko viwili, Mwalimu, au vitatu?"

Siku mbili, na gasketi mpya.

"Mwalimu, unanisikia?"

"Eh," alisema mwalimu.